Ulingo wa Watoto wa Mwinyimvua

Paukwa!

Pakawa!

Kamba?

Ya kitanda!

Mto?

Wa sufi!

Usingizi?

Wa watoto!

Haya, sogeeni. Aliye nyuma aje mbele, na aliye mbele asinizibie moto. Leo nawapa habari za Bibi Sikuzani, na mnaonicheka tayari, ngojeni kwanza niseme cha kuchekwa.

Kale ya kale, babu wa babu zenu akiwa bado anatambaa, palikuwa na kijiji kwenye mteremko. Juu mihogo, chini mpunga. Katika kijiji hicho aliishi Bibi Sikuzani. Mwembamba kama mwiko, sauti nene kama ngoma. Kazi yake ilikuwa kuwamba vitanda.

Nyie mnazijua teremka-tukaze? Hamzijui, nyie watoto wa magodoro. Ni kitanda cha kamba. Ukikilalia siku nyingi kamba zinalegea, katikati panazama, na wewe unazama nazo kama mtoto ndani ya mbeleko. Hapo ndipo wenzako wanapokuambia: teremka, tukaze. Sasa, kamba zikilegea kijijini pale, aliitwa Bibi Sikuzani. Alikaza. Zikioza, alizikata, akasokota nyingine pajani pake, akawamba upya. Hakuna mtu wa kijiji kile aliyezaliwa, akaoa au akafa, ila juu ya kamba za Bibi Sikuzani.

Basi palikuwa na mkulima mmoja wa mpunga, jina lake Mwinyimvua. Mkewe, Havijawa, alifariki kwa homa, akamwachia watoto wawili: binti, Mkasi, na mdogo wake wa kiume, Dunda. Mwinyimvua akakaa, akakaa, upweke ukamchosha. Akamposa Mwantumu, mjane wa ng'ambo ya mto. Mwantumu naye alikuwa na watoto wake wawili: binti, Siwema, rika moja na Mkasi, na mdogo wake, Kibwana. Huyu Kibwana alikuwa na kifua kibovu. Vumbi kidogo, kho. Umande kidogo, kho, kho.

Ndoa ikafungwa. Wali ukaliwa. Ngoma zikalia, watu wakaenda zao. Waliobaki wakatazamana.

Nyumba ilikuwa na vyumba viwili. Kimoja cha baba na mama. Kingine cha watoto, na hicho, jamani, kilikuwa kidogo. Ukipiga chafya unagonga ukuta. Ndani yake palikuwa na kitanda kimoja tu, teremka-tukaze ya matendegu ya mninga, miguu yake minne, kitanda cha marehemu Havijawa.

Jioni ya kwanza Mkasi alipanda kitandani na Dunda. Akatanua mikono, akatanua miguu, kama chura juu ya jiwe. Akafumba macho. Siwema na Kibwana wakalala chini, mkekani. Jioni ya pili vilevile. Mwantumu akasema kwa upole kwamba kitanda kinawatosha wote wakilala mzungu wa nne, huyu kichwa huku, yule kichwa kule. Mkasi akatanua zaidi.

Vuli ikaingia. Mvua chwaa, chwaa, chwaa. Sakafu ya udongo ikanyonya maji, mkeka ukaota ukungu. Kibwana, kho, kho, kho, mpaka mbavu zikamuuma. Siwema akavumilia, akavumilia. Asubuhi moja uvumilivu ukamwishia, akamvuta Mkasi mguu amshushe. Mkasi akamng'ata. Siwema akamshika nywele. Dunda akalia kwa kuwa dada yake analia, Kibwana akalia kwa kuwa Dunda analia.

Mwinyimvua akatoka chumbani kwake macho mekundu. Alikuwa mtu mpole, lakini mtu mpole asiyelala si mpole tena. Akachukua shoka. Akasema kitanda hiki kimekuwa fitina, leo anakipasua kuni, wote walale chini, wote wakohoe. Mkasi akalikumbatia tendegu la kitanda kwa mikono miwili.

Mwantumu alipoona vile, akaingia ndani. Akatandaza kaniki yake, akaweka vyombo vyake, akaweka nguo za wanawe, akafunga fundo. Akamwambia mumewe kwamba hakuja kwa watu kuvunja kitanda cha marehemu, na kwamba atarudi ng'ambo ya mto kabla mto haujajaa. Hakumwambia kwa hasira. Alimwambia kwa kuchoka, na hilo lilimtisha Mwinyimvua kuliko hasira.

Shoka mkononi. Mzigo mlangoni. Mtoto kwenye tendegu.

Ndipo mlangoni ikasikika sauti nene kama ngoma. "Hodi wenyewe. Nimekuja kuomba moto, kwangu umezimika."

"Shikamoo, Bibi," akasema Mwinyimvua, akalificha shoka nyuma ya mgongo.

"Marahaba. Hilo shoka lako linachungulia."

Bibi Sikuzani akaingia. Hakuuliza kuna nini, maana kelele zilikwisha fika kwake kabla yeye hajafika kwao. Na moto wake, nawaambieni, haukuwa umezimika. Akapita hadi chumba cha watoto. Akatazama kitanda, akatazama mkeka. Kisha, mwanamke mzima yule, mifupa na miaka yake, akalala chali sakafuni, palepale penye unyevu. Akatazama juu. Akakaa hivyo kitambo, mpaka Mwantumu akadhani ameanguka.

Bibi akasema chumba ni kizuri, ila nusu yake haijatumika.

Mwinyimvua akauliza nusu ipi, naye hata pa kuweka mguu hapaoni.

"Wewe kule shambani," Bibi akamwambia, "umejenga ulingo mrefu, mtu akae juu afukuze ndege. Mpunga umeshavuna, ulingo umesimama bure. Ndege umewajengea ghorofa. Wanao umewalaza majini."

Mwinyimvua akatazama juu. Kutoka kitandani hadi kwenye paa palikuwa na nafasi ya kusimama mtu. Akaliweka shoka chini. Halafu akaliokota tena, safari hii kwa kazi, akaenda zake shambani kubomoa ulingo. Mwantumu akawa bado amesimama mlangoni na mzigo wake. Bibi akamwambia kwamba mto haukimbii, akae amsaidie kusokota kamba, akishaona kazi imekwisha na moyo wake bado unataka kwenda, aende kwa heri. Mwantumu akakaa. Mzigo hakuufungua.

Bibi akamgeukia Mkasi. Mtoto alikuwa hajaliacha tendegu. Bibi akakaa ukingoni mwa kitanda, kamba zikalia krii, krii, akazama mpaka magoti yakakaribia kidevu.

"Kamba hizi zimekwisha, mjukuu wangu. Zinataka kukatwa."

Mkasi akasema kwa sauti ndogo, neno lake la kwanza tangu asubuhi. "Mama alilala hapa. Zikikatwa, si atakuwa ameondoka?"

Bibi akazipapasa kamba kwanza, moja baada ya moja.

"Kitanda hiki nilikiwamba mimi mama yako alipokuja bi harusi," akasema. "Alikaa pale mlangoni akinivutia ncha ya kamba, akinicheka kwamba nahema kama ng'ombe. Zilipolegea aliteremka, tukakaza. Zilipooza tulikata, tukawamba nyingine. Zikaoza, tukakata tena. Hizi unazozilinda hazikuwapo siku ile. Na kitanda hakikuacha kuwa chake hata siku moja."

Mkono mmoja wa Mkasi ukaliacha tendegu. Baadaye kidogo, wa pili.

Basi kazi ikaanza. Shoka, ko! ko! ko! Mwinyimvua akazileta nguzo za ulingo begani, akazichonga, akazichimbia kwenye pembe za chumba, kitanda cha Havijawa kikakaa katikati yake bila kuguswa tendegu hata moja. Juu akafunga fito. Akafunga na ngazi ya kupandia. Kibwana na Dunda walipewa kazi ya kukanyaga udongo kuzunguka nguzo, wakaukanyaga kwa kuruka, pu! pu! pu! na kila mmoja akajitahidi kuruka juu kuliko mwenzake. Kwa kuruka huko wakawa wamekwisha kuwa ndugu. Wavulana wadogo hawahitaji mzee wa kuwapatanisha, wape udongo tu.

Bibi na Mwantumu wakasokota miyaa, majani makavu ya mkoche, pajani, kamba zikarefuka zikajaa uani. Siku ya kuwamba, Bibi akawaweka wasichana wawili, Mkasi upande huu, Siwema upande ule, kila mmoja ameshika ncha. Akawafundisha wimbo wa kazi. Nanyi niitikieni, nikisema vuta, semeni kaza.

Vuta!

Kaza!

Vuta!

Kaza!

Alale nani?

Alale mwenzangu!

Aamke vipi?

Aamke mzima!

Wasichana walivuta. Hawakutazamana, lakini walivuta. Kamba ina tabia hiyo, ukiilegeza wewe, mwenzako anaanguka, akiilegeza yeye, unaanguka wewe. Walianguka mara nyingi. Wakawamba ulingo wa juu, wakawamba na kitanda cha chini.

Lakini kamba tupu haina usingizi. Inataka tandiko. Bibi akawapeleka watoto kwenye msufi uliokuwa nje ya kijiji. Vifuu, yale matunda ya sufi, vilikuwa vimekauka, vinapasuka, tap! tap! na pamba yake nyeupe inamwagika. Waliokota, wakapura, wakachambua. Upepo ukaja, fuuu! Sufi ikaruka, ikawaingia puani, ikawakaa nyusi na nywele. Dunda akamtazama Kibwana akamwambia shikamoo babu. Kibwana akapiga chafya, sufi yote ya kikapu ikaondoka, wakaikimbiza mpaka shambani kwa watu.

Nguo ya kushonea godoro ikawa haipo. Bibi alileta magunia, yakatosha la chini. La juu likakosa. Mwantumu hakuwa na nguo ya ziada ila ile kaniki aliyofungia mzigo. Akaitazama. Akatazama wasichana wale wamekaa na vikapu vyao, weupe kama wamepakwa unga. Akalifungua fundo, akatoa vyombo, akavirudisha jikoni kimoja kimoja, kisha akampa Bibi kaniki. Mwinyimvua alipoona, akaenda nyuma ya nyumba akafuta macho, akasema ni sufi.

Ikabaki mito, ya kushonwa kwa vipande vya magunia vilivyosalia. Hapo Bibi akatoa sharti. Kila mtoto atashona mto wa mwenzake. Dunda wa Kibwana, Kibwana wa Dunda, Siwema wa Mkasi, Mkasi wa Siwema.

Mkasi akachukua kipande chake akaenda kushonea nyuma ya ghala. Kamba amevuta, sawa. Sufi ameokota, sawa. Lakini moyo wa mtu una kona, na kwenye kona ya moyo wa Mkasi bado kulikuwa na mguu uliovutwa na nywele zilizong'olewa. Ghalani palikuwa na magunzi ya mahindi. Akayatazama. Akatia magunzi katikati, akayafunika sufi kidogo juu na kidogo chini. Akashona. Mto ukaonekana mnono kuliko yote.

Bibi Sikuzani alikuwa na desturi moja. Hakukabidhi kitanda kabla hajakilalia mwenyewe. Basi mchana ule, kazi imekwisha, akakusanya mito yote, akapanda ngazi mguu mmoja mmoja, akajilaza juu ya ulingo. Akauweka ule mto mnono chini ya shavu lake.

Mkasi alikuwa amesimama mlangoni, anatazama.

Bibi akajigeuza mara moja. Akatulia. Akalala usingizi, akakoroma mpaka kuku wakatoka uani.

Alipoamka, shavu lake lilikuwa na vishimo safu kwa safu, kama gunzi lenyewe. Akateremka. Akajinyoosha. Akawaambia Mwinyimvua na Mwantumu kwamba kitanda ni kizuri, watoto watakilalia leo jioni. Akatoka.

Na shavu lile akalitembeza kijiji kizima. Kisimani wanawake wakamuuliza kama amechanja chale uzeeni. Akasema amelala usingizi mzito. Wazee wakamuuliza kama ameumwa na nyuki. Akasema amelala usingizi mzito. Watu wakacheka, naye akacheka nao. Mkasi alimfuata kwa mbali, nyumba hadi nyumba, akingoja kulisikia jina lake. Hakulisikia. Mwisho hakuweza tena. Akamkimbilia, akamshika nguo, akaanza kusema kwamba ule mto, Bibi, ule mto.

"Sijakuuliza," akasema Bibi. "Jua bado liko juu. Sindano unayo."

Mkasi akarudi mbio. Akaufumua mto nyuma ya ghala, akayatupa magunzi kwa kuku. Lakini sufi iliyobaki haikujaa hata kofi. Akachukua kikapu akaenda msufini. Vifuu vya chini vilikuwa vimekwisha, vilivyobaki vilining'inia juu, na shina la msufi lina miiba. Akarusha kijiti. Hakikufika. Akarusha tena.

Akasikia mtu nyuma yake. Ni Siwema, ameshika mti mrefu uliobaki Mwinyimvua alipojenga ulingo. Alimwona akipita na kikapu. Akainua mti, akapiga tawi, tap! tap! vifuu vikaanguka. Wakaokota pamoja. Kikapu kilipokaribia kujaa, Siwema akauliza sufi hii ni ya nini na mito imekwisha.

Mkasi akatazama chini. "Wako nilitia magunzi."

Siwema akasimama na kifuu mkononi. Akafikiri. Akalikumbuka shavu la Bibi. Akauma mdomo, lakini kicheko kilikwisha mponyoka.

"Mimi wako nilitaka kutia upupu," akasema. "Nikaogopa kuushika."

Walicheka mpaka wakakaa chini. Walicheka mpaka sufi ikaruka, wakaiokota upya. Walirudi nyumbani wakigombania nani abebe kikapu, lakini ugomvi ule ulikuwa wa aina nyingine, nyie mnaujua.

Jioni ikafika. Mvua nayo, chwaa, chwaa. Chumba kilikuwa kile kile, kuta zile zile. Ila sasa chini palikuwa na kitanda kimekazwa, juu ulingo una godoro la kaniki, ukutani vigingi vya nguo, na kutoka darini ilining'inia susu ya kamba, ambamo Dunda alikwisha ficha muwa wake. Bibi Sikuzani alikuja kutazama. Mwinyimvua akamuuliza kwa sauti ya chini nani alale wapi, maana aliogopa vita vipya. Bibi akamshika mkono akamnyamazisha.

Mkasi alikuwa amesimama kando ya kitanda cha mama yake. Akaupapasa mfumbati, ule mti wa ubavuni mwa kitanda. Kamba zilikuwa mpya, zinanukia miyaa. Kibwana akakohoa, kho. Mkasi akamshika bega.

"Kibwana alale kwa mama," akasema. "Yeye na Dunda. Hapa chini kuna joto."

Kisha akapanda ngazi, na Siwema akapanda nyuma yake.

Mwantumu alisikia akiwa mlangoni. Aliingia, akawafunika wadogo, akamfunika Kibwana mpaka kidevuni. Alipotoka Mkasi akamwita kutoka juu, akamwambia kwamba nao huku hawajafunikwa. Mwantumu akarudi, akapanda ngazi.

Kikohozi cha Kibwana kilipungua, kikaisha na mvua. Mto ulijaa, hakuna aliyeuvuka na mzigo. Watu wa kijiji wakaja kuchungulia kile chumba, mmoja mmoja, na baada ya muda nyumba nyingi zikawa na ulingo ndani. Bibi Sikuzani aliishi miaka mingi baadaye, akakaza vitanda vya wajukuu wa watu aliowawambia. Siku alipofariki, kitanda alichobebewa kiliwambwa na wanawake wawili wazima, mmoja upande huu, mmoja upande ule. Na wale wote waliomkumbuka, walimkumbuka wakicheka, kwa habari ya shavu. Habari yenyewe aliitoa Mkasi mwenyewe, alipokuwa mama wa watoto, kwa ridhaa yake, siku aliyoitaka.

Basi, wanangu, shikeni hili. Chumba hakipanuliwi kwa shoka wala kwa kufunga mzigo. Hupanuliwa na mikono inayoshika kamba pande zote mbili. Na mtoto akikosea, si kila kosa ni la kupigiwa mbiu. Lingine mwachie alifumue mwenyewe, maadamu jua bado liko juu na sindano anayo.

Ngano yangu imefika ukingoni, nami nateremka. Mwenye yake na apande.